Mafundi sita, mashati 40: muda unapotelea wapi?

Swali: Habari za kazi, mhandisi. Nina karakana ndogo Mabatini, Mwanza. Mafundi ni sita, tunashona mashati ya sare za shule, kila mmoja na hatua yake. Tunaanza saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na saa moja ya chakula katikati. Watu wanaondoka hoi, lakini mashati hayazidi 40 kwa siku. Vipande tunafunga mafungu ya 20, pasi ni moja. Nataka kufika 60 kabla shule hazijafunguliwa Januari. Nimeshauriwa nifunge mota za kasi kubwa kwenye cherehani zote. Zitanifikisha?

Jibu: Hazitakufikisha, dada yangu. Chukua mshono wa ubavuni, tuseme sentimita 50, na sindano inapiga mara 4 kwa kila sentimita. Hiyo ni mishono 200. Mashine inayopiga 2,000 kwa dakika inaumaliza kwa sekunde 6. Funga mota ya kasi maradufu, utaokoa sekunde 3. Sasa simama nyuma ya fundi wako uhesabu anachofanya sindano ikiwa imesimama: anainama kuchukua kipande kapuni, anatafuta upande wa ndani, analinganisha kingo, anashona, anausaka mkasi chini ya nguo, anakata uzi, anarusha kipande sakafuni. Hapo sekunde 20 zinapita bila mtu kuziona, na mota haizigusi.

Kwa hiyo anza na hesabu. Saa nane za kazi ni dakika 480. Ukitaka mashati 60, kila fundi lazima amalize sehemu yake ya shati kwa dakika 8. Leo mnatoa 40, maana yake kuna mtu anayetumia kama dakika 12, na wengine wote wanakwenda kwa mwendo wake hata kama mikono yao ni myepesi. Nadhani ni wa kola, ila usiniamini mimi. Washa saa ya simu, mpime kila fundi mashati matano, chukua wastani. Waambie wazi unapima kazi, hupimi mtu. Fundi akihisi unamvizia atakupa mwendo wa maonyesho, na vipimo vyako havitakuwa na maana.

Ukishampata huyo wa dakika 12, usimhimize. Mpunguzie. Kola ina kazi nyingi ndani yake: kushona kingo, kupunguza ziada, kugeuza, kuchomoa ncha, kupiga pasi, kisha kuiunga shingoni. Kupunguza, kugeuza na pasi havihitaji mkono wake; mpe yule anayemaliza mapema, pengine wa mifuko. Kola zishonwe mfululizo bila kukata uzi kati ya moja na nyingine, zitoke zimefuatana kama samaki kwenye kamba, kisha zikatwe zote kwa pamoja.

Mafungu ya 20 ndiyo yananisumbua zaidi. Kwa dakika 12 kila kola, fungu moja linakaa kwa fundi huyo kwa muda wa saa nne kabla ya wa pili kuliona. Kola ya kwanza ikiwa imepinda, mtaigundua mchana, na 19 zimeshaifuata. Funga matano matano. Fungu litatoka ndani ya saa moja, na kosa litaonekana mapema.

Kisha meza. Vipande vinavyoingia vikae kushoto, usawa wa meza, uso juu, vikiwa vimeelekea jinsi vinavyoshonwa. Mkasi mdogo wa nyuzi ufungwe kamba kwenye mashine. Bobini, vile vigurudumu vya uzi wa chini, za siku nzima zijazwe asubuhi. Mahali pa mfuko pachorwe kwa kadibodi iliyotobolewa badala ya futi. Mkataji atie alama ndogo za mkasi, milimita 3 tu, pale mkono unapokutana na bega, pini zibaki koponi. Waliowahi kuingia viwanda vya minofu ya sangara hapa Mwanza wanajua: mkataji hamfuati samaki, samaki analetwa mbele yake. Zaidi ya miaka 100 iliyopita Frank Gilbreth wa Marekani aliwatazama waashi wakipanga matofali, akapunguza miondoko ya kila tofali kutoka 18 hadi kama 5. Sehemu kubwa ya dawa yake ilikuwa kumwondolea mwashi kuinama.

Pima tena baada ya wiki mbili. Jumla ya dakika za mafundi wote sita kwa shati moja isizidi 48, na asiwepo wa zaidi ya 8. Ikiwa bado kuna aliyezidi, rudia kwake huyo huyo, wengine waache.

Na hela ya mota kama inakuwasha, nunua pasi ya pili. Kola zikianza kutoka tano tano, hiyo moja itagombaniwa.