Uliza Ujibiwe: Rasi ya Graniti, Kwenda na Kurudi kwa Siku Moja

Barua za safari hii zinahusu kutembea kwa miguu hadi ncha ya rasi yenye miamba ya graniti. Tumeanza na ile iliyokuja na takwimu kamili, kwa sababu hesabu yake itamfaa kila anayepanga safari ya aina hii.

Swali: Mhariri, salaam. Tuko wanne, wazima wa afya, tumezoea matembezi ya kilomita 12. Njia ya kwenda rasini ni kilomita 9, na miinuko yote ya kwenda na kurudi ni mita 700. Kati ya kilomita ya 3 na ya 4 inapita ufukoni chini ya genge, na hapo hupitika maji yakiwa chini ya mita 1.2 kwenye jedwali la maji kujaa na kupwa. Ipo njia nyingine juu ya genge. Kila upande inaongeza kilomita 1.5 na kupanda mita 120. Siku tuliyochagua maji yanajaa hadi mita 3.2, kisha yanapwa kabisa saa 6:20 mchana yakiwa mita 0.2. Jua linazama saa 12:30 jioni. Tutoke saa ngapi?

Jibu: Tokeni saa 12:30 asubuhi, na mkienda mpite juu ya genge.

Tuanze na maji. Kutoka 3.2 hadi 0.2 ni tofauti ya mita 3. Bahari haipandi wala haishuki kwa mwendo mmoja. Gaweni tofauti hiyo mafungu 12: saa ya kwanza baada ya kupwa kabisa hupanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kwenu ni sentimita 25, kisha 50, kisha 75. Saa 8:20 mchana maji yatakuwa mita 0.95, na dakika 20 tu baadaye yatagusa 1.2. Ufuko basi uko wazi takriban kuanzia saa 4:00 asubuhi hadi saa 8:40 mchana. Mkitoka alfajiri mtaukuta umefunikwa. Mkisubiri hadi saa 4:00, kutoka hapo hadi nchani na kurudi ni kilomita 10, karibu saa 5 na nusu pamoja na mapumziko, na mtakaporudi utakuwa umeshafunikwa tena, nanyi mko upande wa pili.

Wengi hudhani dawa ni kuahirisha wiki moja hadi maji mafu, kwa vile bahari imetulia. Kwa ufuko wenu ni kinyume. Bamvua, yaani maji ya siku za karibu na mwezi mpya na mwezi mpevu, hujaa sana lakini pia hupwa sana. Maji mafu hayajai sana wala hayapwi sana. Mahali panapofunuka maji yakiwa chini tu, kama hapo penu, siku za maji mafu panaweza kufunuka kwa muda mfupi mno au pasifunuke kabisa. Kwa hiyo msisome saa peke yake kwenye jedwali, someni na mita. Tena jedwali linahesabu mwezi na jua tu. Upepo mkali unaovuma kuelekea nchi kavu huongeza maji, na mgandamizo wa hewa ukishuka kwa hektopaskali 1, bahari huinuka karibu sentimita 1.

Sasa muda. Kanuni inayotumiwa na wapanda milima wengi ilitolewa mwaka 1892 na William Naismith wa Uskoti: takriban saa 1 kwa kila kilomita 5, na saa 1 zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa kilomita zenu 21 na mita 940 (pamoja na njia ya juu), kanuni inatoa saa 5 na dakika 46. Msiiamini hivyo ilivyo. Kanuni hiyo ni ya mtu mwepesi kwenye njia nzuri, na kilomita 2 za mwisho kwenye rasi ya graniti kwa kawaida ni mawe makubwa na mabamba, mikono ikisaidia miguu. Hapo wekeni kilomita 2 kwa saa, na kwingine kilomita 4. Inakuwa saa 4 na dakika 15 kwa njia ya kawaida, saa 2 kwa miamba, saa 1 na dakika 34 kwa kupanda. Jumla karibu saa 7 na dakika 50. Ongezeni saa 1 ya mapumziko na nusu saa nchani: saa 9 na dakika 20.

Mkitoka saa 12:30 asubuhi, mtarudi karibu saa 10 jioni, mkiwa na akiba ya saa 2 na nusu za mwanga. Akiba hiyo ni ya kifundo cha mguu kilichoteguka, si ya picha. Andikeni pia saa ya kugeuka: kurudi kunachukua karibu saa 4 na nusu, na ili mfike kabla ya saa 11 jioni, mgeuke saa 6:30 mchana mahali popote mlipo, hata kama ncha iko mita 300 mbele. Kukaribia ncha ndiko kunakowapotosha watu, kwani wanasahau kwamba wako katikati ya safari.

Ufuko mnaweza kuutumia wakati wa kurudi, kwa sharti moja: muufikie kabla ya saa 7:40 mchana. Ikipita, pandeni juu bila mjadala. Wakati huo maji yanaelekea kwenye saa ya tatu, ambapo hupanda kwa kasi, na chini ya genge hakuna pa kukimbilia.

Mwachieni mtu wa nyumbani karatasi yenye njia, majina, na saa ambayo msipopiga simu aombe msaada. Kwenu tungeandika saa 1:30 usiku.

Swali: Niliambiwa graniti haitelezi. Nimeteleza mara tatu mahali pakavu kabisa, na viatu ni vipya. Tatizo ni nini?

Jibu: Uliambiwa nusu ya ukweli. Graniti safi na kavu hushika soli ya mpira vizuri sana, maana uso wake ni punje ngumu zilizosimama kama msasa. Lakini jiwe hilo huoza punje kwa punje. Madini ya feldispa hugeuka udongo taratibu, na kwazi, madini magumu yasiyooza, inabaki imelegea juu ya bamba. Punje hizo huviringika chini ya soli kama gololi. Zimejaa zaidi kwenye vibonde vya bamba na chini ya mteremko, mahali ambapo mguu unatamani kutua. Tua kwenye sehemu iliyovimba na yenye ukavu wa kijivu angavu, au usugue kwanza kwa kiatu kabla ya kuweka uzito.

Jifunze kusoma rangi. Michirizi myeusi inayoshuka kwenye jiwe ni njia ya maji, ina utando hai ambao ukilowa unateleza kama sabuni. Kijani karibu na bahari ni mwani, usikanyage kabisa. Karibu na usawa wa maji utaona mkanda mweusi unaozunguka mwamba. Huo unaonyesha bahari inapofika au kurusha maji mara kwa mara, kwa hiyo ni mpaka wako, utembee daima upande wake wa juu, usiukanyage.

Kuhusu viatu, soli yenye meno marefu yaliyoachana ni nzuri kwenye tope, ila kwenye bamba inagusa jiwe kwa sehemu ndogo. Meno mafupi na mpira laini ni bora. Ukishuka, usiegemee nyuma kwa hofu. Ukiegemea nyuma uzito unaisukuma miguu mbele nayo inakimbia. Kunja magoti kidogo, uzito uwe juu ya nyayo, soli yote iguse jiwe, hatua fupi. Bamba likiwa kali kiasi cha kukufanya utake kukaa, tafuta pa kuzungukia. Fimbo zenye ncha ya chuma zifunge begini. Kwenye graniti huteleza ghafla.

Jambo moja zaidi: graniti humenyuka kwa matabaka, mfano wa maganda ya kitunguu. Ganda likitoa mlio mtupu ukiligonga kwa ngumi, usilivute wala kulikanyaga pembeni.

Swali: Nchani tunataka kushuka hadi karibu na maji. Bahari ikiwa shwari kuna hatari?

Jibu: Ipo, na ndiyo kubwa kuliko zote za safari hii. Urefu wa mawimbi unaotajwa kwenye utabiri ni wastani wa theluthi ya mawimbi yaliyo makubwa zaidi. Wimbi mojamoja linaweza kukaribia mara mbili yake. Utabiri wa mita 2 unaweza kuleta la mita 4. Tazama pia idadi ya sekunde kati ya wimbi na wimbi: zikiwa 12 au zaidi, mawimbi yametoka mbali, yanakuja kwa makundi, na katikati ya kundi na kundi bahari hulala kwa dakika nyingi. Huo ndio ushwari mnaouona. Kaeni juu mtazame kwa dakika 30 kabla ya kuamua, na msiipe bahari mgongo.

Mwenzenu akianguka, msimrukie. Mtupieni chochote kinachoelea, hata chupa kubwa tupu iliyofungwa. Mwambieni aogelee kuelekea baharini, mbali na mwamba, kwa maana mawimbi ndiyo yanayompiga kwenye jiwe. Kisha ombeni uokoaji.

Swali: Maji lita ngapi?

Jibu: Nusu lita kwa saa, joto likizidi, karibu lita moja. Kwa saa 9 ni lita 4 na nusu, kilo 4 na nusu mgongoni. Msitegemee kupata maji rasini, kwani mwamba mzima hauyahifadhi. Leteni na kitu chenye chumvi, maana jasho haliondoki na maji peke yake.

Swali: Ukungu ukitufunika tukiwa kwenye mabamba yasiyo na njia?

Jibu: Simameni kwanza. Msifuate sauti ya mawimbi. Kwenye ukungu ni vigumu kujua inatoka wapi, na magenge yako pande tatu. Mkiingia kwenye miamba, wakati bado kunaonekana, pimeni mwelekeo kwa dira na muuandike. Mkienda kwa nyuzi 65, kurudi ni 245. Mmoja atangulie mpaka karibu na mwisho wa kuonekana, mwenye dira amwelekeze kushoto au kulia hadi awe kwenye mstari, wengine wamfuate, kisha mrudie. Ni polepole, lakini mtatoka. Ikishindikana, ketini upande wa juu wa mkanda mweusi, mbali na ukingo, vaeni koti la upepo kabla baridi haijaingia, na mpige filimbi mara 6 ndani ya dakika moja, mpumzike dakika moja, mrudie. Mlio wa mara 3 ukijibu, mmesikika. Endeleeni kupiga hadi wawafikie.