Kabla ya kulipia Windows 11, ijue leseni uliyo nayo

Kwa watu wengi bei ya Windows 11 ni sifuri. Kompyuta yenye Windows 10 iliyoamilishwa kihalali, na ambayo vifaa vyake vinakubalika, inahama bila malipo, na imekuwa hivyo tangu mfumo huu utoke tarehe 5 Oktoba 2021. Wanaopoteza pesa ni wale wanaonunua leseni ambayo tayari wanayo, au wanaonunua leseni halali kabisa kwa ajili ya mashine isiyoweza kuipokea. Kwa hiyo anza na mashine. Mambo ya kununua yatafuata, kama yatakuwepo.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, na usome toleo. Ili upande moja kwa moja unahitaji Windows 10 ya toleo la 2004 au jipya zaidi. Kama iko chini ya hapo, sasisha kwanza Windows 10 yenyewe. Kisha fungua Command Prompt kwa mamlaka ya msimamizi na uandike slmgr /dli. Katika dirisha dogo litakalotokea, tazama mwisho wa mstari wa maelezo. Ukiona OEM_DM, leseni ilikuja na mashine kutoka kiwandani, ufunguo wake umehifadhiwa ndani ya ubao mama, na haiwezi kuhamishiwa mashine nyingine. Ukiona RETAIL, huenda ni leseni ya dukani inayohamishika, ila usiharakishe kufurahi: leseni ya kiwandani iliyowahi kupandishwa bure kutoka Windows 7 au 8 nayo huandikwa RETAIL, na bado haihamishiki. Kinachothibitisha ni risiti au kadi ya ufunguo.

VOLUME_MAK au VOLUME_KMSCLIENT ni habari nyingine. Hizo ni leseni za mashirika: MAK ni ufunguo mmoja wa mashine nyingi, na KMS huthibitishwa na seva ya shirika. Kama kompyuta ni yako binafsi na inaonyesha maneno hayo, aliyekuwekea Windows hakukupa leseni yako. Andika slmgr /xpr uone. Leseni ya kudumu itasema ni ya kudumu. Ya KMS itakutajia tarehe ya kuisha, kwa sababu uamilishaji wake hudumu siku 180 na lazima uhuishwe na seva ya shirika. Ndiyo maana mtu hukaa miezi kadhaa bila tatizo, kisha siku moja anakuta maandishi ya kumtaka aamilishe Windows kwenye kona ya skrini. Funguo zinazouzwa kwa dola chache mtandaoni mara nyingi ni za aina hii, au ni MAK moja iliyouzwa kwa watu wengi. Siku shirika lenye ufunguo au Microsoft wakiufunga, huna pa kudai. Sikushauri uzinunue hata zikiwa rahisi kiasi gani.

Sasa bei. Kwenye duka la Microsoft la Marekani, Windows 11 Home ni dola 139 na Pro ni takriban dola 200. Aliye na Home iliyoamilishwa hana sababu ya kununua Pro nzima: ndani ya Mipangilio, sehemu ya uamilishaji, kuna njia ya kupanda kutoka Home hadi Pro kwa takriban dola 99. Lakini jiulize kwanza Pro ni ya nini. Inakupa BitLocker kamili (usimbaji wa diski), inaruhusu kompyuta yako ifikiwe kwa Remote Desktop kutoka kwingine, ina Hyper-V (ya kuendesha mashine pepe ndani ya kompyuta), sera za kikundi (kanuni za kusimamia mipangilio), na uwezo wa kujiunga na domeini, yaani mtandao wa ofisi unaosimamiwa pamoja. Kasi ni ile ile. Anayeandika, anayefanya hesabu, anayesoma na kutazama video hataiona tofauti hata siku moja. Kumbuka pia kwamba kuhama bure hakubadilishi ngazi: Home inakuwa Home, Pro inakuwa Pro. Na kama bado una ufunguo wa Windows 7 au 8, mlango huo ulifungwa Septemba 2023. Ufunguo huo hauamilishi tena Windows 11.

Kwa mashine iliyokwama Windows 10, msaada wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Microsoft iliweka mpango wa masasisho ya usalama ya ziada kwa watu binafsi, uliotangazwa kufika 13 Oktoba 2026: unaingia kwa kulipa dola 30, kwa alama 1,000 za Microsoft Rewards, au bila kulipa kwa kuruhusu mipangilio ya kompyuta ihifadhiwe kwenye akaunti yako ya Microsoft. Usajili mmoja unahudumia hadi kompyuta 10 za akaunti hiyo hiyo, na lazima ziwe kwenye toleo la 22H2. Kwa mashirika ni dola 61 kwa kila kifaa mwaka wa kwanza, na bei inajirudufu mwaka wa pili na wa tatu. Shirika likijiunga mwaka wa pili hulipa na wa kwanza, hivyo kusubiri hakuokoi kitu.

Sasa vifaa. Ramu ya GB 4 na diski ya GB 64 ndicho kiwango cha chini kwenye karatasi. Kwa matumizi halisi, usihame ukiwa na ramu chini ya GB 8 wala ukiwa bado na diski ya kuzunguka. Ukiwa na fedha ya kununua kitu kimoja tu, nunua SSD, diski ya kisasa isiyozunguka. Itakusaidia kuliko leseni yoyote. Prosesa ndiyo inayowakataa wengi: kwa Intel ni kizazi cha 8 kwenda juu, kwa AMD ni mfululizo wa Ryzen 2000 kwenda juu, na ndani ya hapo kuna chache zisizokuwemo, kwa hiyo pakua PC Health Check ya Microsoft ikuambie kwa uhakika.

Ikikuambia kuwa TPM, chipu ya usalama ambayo Windows 11 inaihitaji, haipo, usikate tamaa mapema. Mashine nyingi zinayo, imezimwa tu. Andika tpm.msc; kama haionekani, ingia BIOS (mipangilio ya mashine inayofunguliwa kabla Windows haijawaka) utafute PTT kwa Intel au fTPM kwa AMD, uiwashe. Kisha andika msinfo32 utazame hali ya BIOS: UEFI, njia mpya ya kuwasha mashine, ni sawa; Legacy, njia ya zamani, ina kazi.

Hapa ndipo mashine nyingi hugoma kuwaka, na kosa ni la mpangilio. Mtu anasikia Secure Boot (kinga inayozuia programu zisizoidhinishwa wakati wa kuwaka) inahitaji UEFI, anaingia BIOS, anabadilisha Legacy kuwa UEFI, anawasha, na kompyuta inasema haioni diski ya kuwakia. Diski haijaharibika. Ilipangwa kwa mtindo wa zamani wa MBR, na UEFI inataka mtindo mpya wa GPT. Rudi BIOS, rejesha Legacy, itawaka kama kawaida. Kisha fuata utaratibu sahihi: tengeneza bakapu, fungua Command Prompt ya msimamizi, andika mbr2gpt /validate /allowFullOS. Ikikubali, andika mbr2gpt /convert /allowFullOS. Ikimaliza, ndipo unapozima, unaingia BIOS, unachagua UEFI, na mwisho unawasha Secure Boot. Ikikataa kwenye hatua ya uhakiki, sababu ya kawaida ni vigawanyo (sehemu za diski, yaani partition): diski isiwe na vigawanyo vikuu zaidi ya vitatu, na isiwe na kigawanyo cha ziada kinachobeba vingine ndani yake.

Kabla ya kugusa chochote ndani ya BIOS, hakikisha una ufunguo wa kurejesha wa BitLocker. Ni tarakimu 48. Hata kompyuta ya Home inaweza kuwa imesimbwa bila wewe kujua, hasa kama uliiwasha mara ya kwanza kwa akaunti ya Microsoft. Ufunguo utaukuta kwenye akaunti hiyo. Uandike kwenye karatasi. Usiupige picha ukaihifadhi ndani ya mashine ile ile. Kisha simamisha ulinzi kwa manage-bde -protectors -disable C: kabla ya kubadilisha mipangilio ya TPM au Secure Boot. Asiyefanya hivyo anakutana na skrini ya buluu inayodai tarakimu 48, na bila hizo hakuna fundi wala programu itakayomrudishia faili zake.

Kuna njia ya kulazimisha Windows 11 kwenye prosesa isiyokubalika, kwa kurekebisha rejista, hifadhi ya mipangilio ya ndani ya Windows. Inafanya kazi, lakini Microsoft haiahidi masasisho, na toleo kubwa la kila mwaka mara nyingi halitajileta lenyewe. Utalazimika kulipandisha kwa mkono kila mara. Prosesa za zamani sana zisizo na maagizo ya SSE4.2, kama Core 2 Duo, haziwaki kabisa kuanzia toleo la 24H2 la Windows 11. Kwa mashine za umri huo Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, ni chaguo la heshima na halina gharama.

Siku ya kuhama, acha nafasi ya angalau GB 30 kwenye diski C, chomoa printa na diski za nje, ondoa antivairasi iliyotoka kwa kampuni nyingine, na uchomeke chaja. Kama sasisho halijajitokeza kwenye Windows Update, pakua faili ya ISO (nakala nzima ya kisakinishi cha Windows 11), ifungue ukiwa ndani ya Windows 10 na uendeshe setup.exe. Usiwashie kompyuta kwenye flashi. Ukifanya hivyo njia ya kubaki na programu zako inapotea. Kama chaguo la kubaki na faili na programu limefifia, karibu kila mara lugha ya ISO hailingani na ya Windows yako, au ngazi imetofautiana. Kosa la 0xC1900101 ni draiva, programu inayounganisha Windows na kifaa: sasisha ya kadi ya picha na ya hifadhi kisha ujaribu tena. 0x80070070 ni nafasi ya diski. Ujumbe kwamba kigawanyo cha mfumo hakiwezi kusasishwa huwashangaza wenye diski yenye nafasi tele, lakini hauihusu C. Ni kile kigawanyo kidogo kilichojificha, mara nyingi cha MB 100, kilichojaa faili za uwakishaji.

Wenye Windows 10 ya biti 32 hawana njia ya kupanda moja kwa moja, kwa kuwa Windows 11 ni ya biti 64 pekee. Watafomati na kusakinisha upya, ila leseni yao bado itakubalika mashine ikiwa na sifa.

Baada ya kuhama una siku 10 za kurudi Windows 10 bila kupoteza faili zako. Ni chache kwa mtu anayetumia printa mara moja kwa mwezi, au programu ya hesabu inayofunguliwa mwisho wa mwezi tu. Ndani ya siku hizo 10, andika DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:60 kwenye Command Prompt ya msimamizi, nazo zitakuwa 60. Kwa muda wote huo usifute folda ya Windows.old hata ikimeza GB 20, kwa maana ndiyo inayobeba Windows 10 yako.