Re: Natumia dawa ya tezi dume na shahawa hazitoki, nitapata mtoto?

Kaka wa Jinja, pole. Kwamba tangu uanze tamsulosini unafika kileleni pakavu, na mnatafuta mtoto, hilo linaeleweka: dawa hiyo hulegeza misuli ya shingo ya kibofu na ya njia za manii, manii yakarudi kwenye kibofu au yasitoke kabisa. Mimi yalinikuta. Nilipobadilishiwa dawa, yakarejea. Lakini usiiache kienyeji, mkojo unaweza kuziba! Mwone daktari bingwa wa njia ya mkojo, hospitali ya Mulago, Kampala, wapo, uombe kipimo cha manii (kaa siku 2 hadi 7 bila tendo) na cha mkojo baada ya kufika kileleni. Mkeo naye apimwe. Mitishamba ya mitaani? Mimi ilinilia shilingi tu. Homa ikipanda au mkojo ukigoma, nenda hospitali usiku huohuo.