Barua kwa mwanangu: mstari mmoja na sura nzima

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kwa nini siku hizi unatoka ibadani umechangamka, lakini ukifika nyumbani huwezi kueleza Biblia ilifundisha nini. Na kama ni sawa uhame kanisa. La kuhama nitalijibu mwishoni.

Biblia haijaondoka mimbarani. Inafunguliwa, mstari unasomwa, watu wanaitikia amina. Kisha inafungwa na mhubiri anaendelea na safari yake: ushuhuda wa biashara iliyofunguka, maadui watakaoanguka, mgeukie jirani yako umwambie mwaka huu ni wako. Ukitaka kuyapima mahubiri, ufute ule mstari wa mwanzo, halafu ujiulize kama yaliyofuata yangebadilika. Yasipobadilika, andiko lilikuwa pambo tu.

Chukua Yeremia 29:11, ule mstari wa kwenye vikombe na kalenda: Mungu anatuwazia mawazo ya amani. Ni kweli tupu. Ila anza kusoma sura ya 28. Nabii Hanania alisimama hekaluni, mbele ya makuhani na watu wote, akatangaza kwamba katika miaka 2 vyombo vya hekalu vitarudishwa kutoka Babeli pamoja na mateka. Habari tamu hata Yeremia akasema amina, Bwana na afanye hivyo. Lakini Hanania hakuwa ametumwa na Mungu kuisema. Hanania akaivunja nira iliyokuwa shingoni mwa Yeremia, ishara ya kuitumikia Babeli. Mwaka huohuo akafa.

Barua ya Yeremia kwa Wayahudi waliokuwa mateka Babeli ilisema mengine kabisa: jengeni nyumba, pandeni bustani, ozeni wana wenu, uombeeni mji mlikohamishiwa, kwa maana uhamisho ni wa miaka 70. Mawazo ya amani yanakuja hapo, mstari unaofuata. Wengi walioisikia barua ile wangefia ugenini. Sasa mhubiri anayeuchukua mstari huo na kuahidi mpenyo kabla ya mwezi kwisha, anasema maneno ya Hanania kwa kinywa cha Yeremia! Na hasara ni ya yule anayeumwa miaka nenda miaka rudi. Sura nzima ingemwambia kwamba kungoja kwingi si dalili ya kuachwa.

Tumefikaje hapa? Wachungaji wanalaumiwa, na wapo wanaostahili. Kuandaa fundisho la sura moja kunataka siku za kusoma, ushuhuda hautaki maandalizi. Lakini Paulo katika 2 Timotheo 4 anawanyoshea kidole wasikilizaji. Wao ndio watakaojipatia waalimu makundi makundi, wa kuwaambia wanachotaka kusikia. Mhubiri anaviona viti vinavyojaa na vinavyobaki wazi, naye ni mtu. Siku hizi pia mahubiri yanakatwa vipande vya dakika moja na kusambazwa kwenye simu, na hoja ya waraka wa Paulo kwa Warumi haiingii katika dakika moja.

Ndiyo maana naipenda desturi ya kale ya kupitia kitabu mpaka mwisho. Yohane Krisostomu, mhubiri mashuhuri wa karne ya 4, alihubiri Injili ya Mathayo hatua kwa hatua, na mahubiri 90 yametufikia. Calvin, mchungaji wa wakati wa Matengenezo ya Kanisa, alifukuzwa Geneva mwaka 1538. Aliporudi mwaka 1541 aliendelea na andiko pale alipokuwa ameishia. Anayefuata kitabu hawezi kuikwepa kimyakimya sura inayowaudhi watoaji wakubwa. Sisemi kila mahubiri yawe hivyo, maana hata ya mada huweza kujaa Biblia. Wala urefu si dawa: Paulo alihubiri mpaka usiku wa manane, kijana Eutiko akalala akaanguka kutoka dirishani ghorofa ya tatu.

Kuhusu kuhama, bado. Waberoya, watu wa mji wa Beroya, walimsikiliza Paulo mwenyewe, na bado wakayachunguza Maandiko kila siku waone kama ndivyo yalivyo. Kila mstari utakaosomewa Jumapili, usome sura yake yote nyumbani. Kisha mwendee mchungaji faragha, bila orodha ya makosa yake, umwombe aanzishe somo la kitabu kimoja katikati ya juma, na umwahidi kuhudhuria hata mkiwa wanne. Akisema hana nafasi kwa sasa, mvumilie, umwombe tena baadaye. Akisema hakuna haja ya kuchunguza kwa kuwa yeye ana ufunuo, usingoje barua yangu nyingine; tafuta kanisa.

Mama yako