Mkeka wangu ulichanika Kondele, nikaanza kuuliza bei

Mimi ni kinyozi hapa Kondele, Kisumu, na kabla ya saa nne asubuhi nishapewa mechi tatu za uhakika za kubeti na watu wenye povu kichwani. Kwa miaka nilizifuata. Mkeka wa timu tano, yaani dau moja linalolipa tu zote zikiingia: nne zinaingia, ya tano inanichania dakika ya 90. Siku niliyogusa pesa ya nyumba mke wangu hakupiga kelele. Alininunulia daftari, akasema kila dau liandikwe humo.

Daftari lilinishangaza. Washindi nilikuwa nawapata, zaidi ya nusu ya mechi nilizobeti. Na bado nilikuwa kwenye hasara.

Kumbe nilikuwa nauliza nani atashinda, badala ya kuuliza nauziwa bei gani. Bei hiyo ni odi, namba ambayo dau lako linazidishwa nayo ukishinda. Odi ya 1.80 maana yake, gawanya 100 kwa 1.80, ni kwamba timu inapewa nafasi kama 56 katika 100. Wewe ukiona ni 50 tu, achana nayo hata kama ni timu ya roho yako. Tuseme mwenyeji ni 1.80, sare 3.40, mgeni 4.20. Gawanya 100 kwa kila odi, jumlisha: inakuja karibu 109. Hiyo tisa ya juu ndiyo riziki ya kampuni. Kwa wastani, kila shilingi 100 unayoweka inakurudia kama 92. Sasa shona mechi tano za aina hiyo kwenye mkeka mmoja: mia yako imebaki na thamani ya 66 hivi, na refa hajapuliza filimbi. Bado ushuru. Mwaka 2023 hapa Kenya ule wa dau ulipandishwa kutoka asilimia 7.5 hadi 12.5, na viwango vimeguswa tena baadaye, kwa hivyo angalia vya sasa kabla ya kupiga hesabu.

Faida, kama ipo, sijaiona kwenye Arsenal na Chelsea. Mechi hizo zimechambuliwa na watu wenye kompyuta na pesa; mimi nina mashine ya kunyolea. Nimeiona kidogo kwenye ligi yetu. Ijumaa moja mteja aliniambia wachezaji wa timu fulani hawajalipwa na mazoezini hawakuonekana. Nikamtafuta mtu wa pili, akasema vilevile. Mgeni wao alikuwa 2.60. Nikaweka 200. Jumamosi mchana odi ilikuwa imeshuka hadi 2.05.

Mechi ikaisha sare tasa. Mia mbili ikaenda.

Nawaambia hilo ndilo dau bora nililowahi kuweka. Nilinunua kwa 2.60 kitu ambacho soko zima baadaye lilikithamini 2.05. Tangu hapo daftari lina safu mbili: odi niliyochukua, na odi ya mwisho kabla ya mpira kuanza. Ya kwanza ikiwa kubwa kuliko ya pili mara nyingi, kuna kitu unakijua. Ikiwa ndogo kila wiki, unakisia tu, hata kama juzi ulishinda.

Dau langu halizidi shilingi mbili kwa kila mia ya pesa niliyotenga, na sipandishi kufukuza iliyopotea. Habari kama ile ya Ijumaa huja labda mara mbili kwa mwezi, kwa hivyo kinachonilisha bado ni vichwa. Wiki hii kuna mechi moja tu ninayoiangalia, iko 1.95. Naisubiri ifike 2.20, isipofika, nanyoa.