Kabla hujapakua maktaba, kiulize kivinjari

Wadogo zangu mnaotoka MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya) na vyuo vingine kuja kuomba nafasi ya kujifunzia kazi ofisini kwetu hapa Kabwe, swali lenu la kwanza ni lilelile kila mwaka: nianze na fremuwaki gani, yaani kiunzi kipi kilichoandaliwa tayari cha kujengea programu? Sijawahi kulijibu vizuri. Ninachoweza kuwasimulia ni jinsi nilivyokesha siku tatu mfululizo kwa sababu ya risiti.

Ulikuwa mfumo wa kupokelea kahawa wa chama cha msingi kimoja huko Mbozi. Mkulima analeta kahawa mbivu, karani anapima, mkulima anaondoka na risiti yake. (Huko ukitaja CPU wanajua unazungumzia mtambo wa kumenyea kahawa, si kichakataji cha kompyuta. Siku ya kwanza niliuliza CPU yao ina nguvu kiasi gani, nikajibiwa kwa kilo.) Risiti nilizitengeneza kwa maktaba ya PDF (maktaba ni programu iliyoandikwa na wengine unayoichomeka ndani ya yako) niliyokuta inasifiwa kila mahali. Ilifanya kazi, ilikuwa ya bure, nikaendelea na mambo mengine. Siku ya makabidhiano mteja akaja na mkaguzi, naye akaomba kitu ambacho sikuwahi kukiandaa maishani: orodha ya kila maktaba iliyomo na leseni yake. Ile ya PDF ilikuwa AGPL, leseni ya programu huria yenye masharti.

Leseni ya GPL, ndugu yake AGPL, inakudai utoe msimbo pale unapoigawa programu. (Msimbo ndiyo ile tunayoita “kodi” vijiweni, ila nikiandika hivyo watu wa TRA watanielewa vibaya.) Programu ikikaa kwenye seva yako na watu wakaitumia kwa mbali, hujaigawa. AGPL ya 2007 ndiyo iliyoziba mwanya huo: ukiichanganya ndani ya mfumo wako, hata anayeutumia kupitia mtandao ana haki ya kupewa msimbo wake. Sina ugomvi na sharti hilo, ni la haki kabisa. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa sikulisoma, na mteja hakuwa ameniagiza mfumo wa kuweka hadharani.

Nikaitupa maktaba. Risiti ikawa ukurasa wa kawaida wa HTML, na ndani ya @media print (kanuni za mwonekano wakati wa kuchapa) nikaficha menyu, nikapunguza upana utoshe karatasi ya mashine ndogo, nikaacha herufi nyeusi tupu. Karani anabonyeza kitufe, window.print() inaleta dirisha la kuchapa, anachagua karatasi au PDF. Haikuzidi mistari arobaini, na hakuna mtu wa kunidai chochote.

Tangu siku ile, kabla sijaongeza maktaba nakiuliza kwanza kivinjari. Unataka kuandika shilingi zenye mikato mahali pake? Intl.NumberFormat imo ndani. Dirisha dogo la “una uhakika?” Kuna dialog, vivinjari vyote vikubwa vinayo tangu 2022. Kalenda ya kuchagua tarehe, type="date". Kila kimoja ni leseni usiyolazimika kuisoma na kilobaiti ambazo karani hazinunui kwa bando lake mwenyewe.

Hilo la bando linanirudisha kwenye leseni kidogo. Wengi wenu mnadhani leseni ni habari ya seva. JavaScript ya ukurasa haikai kwenye seva, inashuka hadi kwenye simu ya mtu, na ukishamtumia mtu, umegawa. Hata leseni ya MIT, mnayoichukulia kama maji ya mvua, ina sharti lake: tangazo la hakimiliki libaki. Sasa wewe unapitisha faili kwenye kifaa cha kubana msimbo, kinafuta maoni yote (maelezo ya mwandishi ndani ya msimbo), na tangazo linakwenda nayo. Vifaa vingi vinaacha maoni yanayoanza na /*!, lakini usiamini tu. Fungua faili lililobanwa, tafuta neno “Copyright”. Lisipokuwepo humo wala popote pengine unapoligawa faili hilo, umevunja leseni laini kuliko karibu zote.

Na kivinjari nacho usikiamini kipofu. Toleo la kwanza la mfumo ule lilitunza uzito wa mizigo kwenye localStorage, hifadhi ndogo ndani ya kivinjari, mpaka mtandao urudi. Simu ya karani ikajaa picha, akafanya anachofanya kila mtu, akafuta data za kivinjari. Vipimo vya siku mbili vikapotea. Kilichotuokoa ni daftari la mistari alilokuwa akiandikia pembeni kwa sababu hakuniamini, na alikuwa sahihi. Siku hizi natumia IndexedDB, hifadhi nyingine ya kivinjari iliyo kubwa zaidi, na naomba hifadhi ya kudumu kwa navigator.storage.persist(), lakini kufuta kwa mkono hakuzuiliki, kwa hiyo kila mtandao ukionekana natuma papo hapo. Safari, kivinjari cha Apple, hufuta chenyewe data za namna hii mtumiaji akikaa siku saba za matumizi bila kugusa tovuti yako.

Mwingine atawaambia muunganishe mizani kwa Web Bluetooth, njia ya ukurasa kuzungumza na vifaa kwa Bluetooth. Inavutia, nimeijaribu. Lakini Mozilla wa Firefox na Apple wa Safari waliikataa, kwa hiyo ukiitegemea umeshamchagulia mteja kivinjari. Kwangu jambo lililokubaliwa na injini moja tu (sehemu ya kivinjari inayosoma na kuchora ukurasa) ni nyongeza, lisiwe nguzo. Najua wote mnatumia Chrome, na Edge na Opera nazo zimepanda injini hiyohiyo. Fungueni Firefox hata mara moja kwa wiki, muone kazi yenu inavyovunjika.

Ukoo wa injini hiyo ndio unaonifanya nisidharau leseni zenye masharti. Apple walichukua KHTML, injini ya mradi wa programu huria wa KDE, iliyokuwa chini ya LGPL (ndugu laini wa GPL), wakatengeneza WebKit, injini ya Safari. Mwaka 2013 Google nao wakachepuka na Blink, injini ya Chrome. LGPL iliwabana wote waache msimbo ule wazi. Bila sharti lile, sina hakika kama sisi tungeona hata mstari mmoja.

Kazi zangu ndogondogo naziweka chini ya MPL 2.0: ukirekebisha faili langu na kuligawa, toa marekebisho, faili zako zingine ni zako. Chagueni yoyote, ila msiache patupu. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya 1999 programu yako inalindwa hata usipoandika lolote, na kuiweka GitHub, ghala la msimbo mtandaoni, hakumpi mtu ruhusa ya kuichukua.

Juzi mmoja wenu alinionyesha kikokotoo cha mbolea alichowaandikia wakulima wa viazi wa Umalila. Kepesi, kinafanya kazi bila mtandao, nilikipenda. Nikatafuta faili la leseni, halipo. Nikamwambia nakitaka kwa mteja wangu lakini siwezi kukigusa. Akaliandika palepale amesimama mlangoni, kwa simu.