Kaa na Msanii Mmoja Mpaka Umjue

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Mbale alinitumia ujumbe: "Mkubwa, simu yangu imejaa nyimbo, lakini ukiniuliza nampenda msanii gani, sina jibu. Wewe unafanyaje?" Nimeona nimjibu kwa urefu, maana najua wengi mnaonisoma mna njaa hiyo hiyo. Mnataka wasanii walio wenu kweli, ambao mtu akiwataja mnaweza kukaa mkazungumza mpaka chai ipoe.

Jibu langu ni hili: kaa na msanii mmoja mpaka umjue. Chukua albamu nzima, wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, uirudie kesho, na keshokutwa tena. Usimwache kwa sababu kuna mpya ametoka Ijumaa.

Mimi nimezaliwa Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, upande wa Uganda. Mzee wetu alikuwa dereva wa lori, Mombasa hadi Kampala, na kila akipita nyumbani alituachia kaseti. Hazikuwa nyingi, na hiyo ndiyo ilikuwa bahati yetu. Kaseti ya Mbaraka Mwinshehe, mwimbaji na mpiga gita wa Tanzania, ikiingia kwenye redio, haitoki mpaka lori lirudi. Mwanzoni mtoto anasikia maneno tu. Baada ya muda unaanza kulisikia gita la solo linavyongoja mwimbaji amalize, kisha linamjibu. Ukizidi kurudia, unajua wapi litapanda kabla halijapanda, na mwili unatangulia wenyewe. Mbaraka alifariki katika ajali ya gari nchini Kenya Januari 1979, hajafikisha miaka 35. Mzee alikitaja kifo kile kwa sauti ya mtu aliyefiwa nyumbani kwake. Nilipokuwa mdogo sikuelewa. Sasa naelewa vizuri sana, kwa sababu mtu uliyemsikiliza hivyo si mgeni tena.

Kuna zoezi moja ninalompa kila anayeniuliza. Tafuta "Sina Makosa" ya bendi ya Les Wanyika. Wengi wetu Afrika Mashariki tunaujua wimbo huo, tumeucheza kwenye harusi, tunaweza kuimba kiitikio tukiwa usingizini. Sasa usiuimbe. Tulia, vaa spika za masikioni, ufuate besi la Tom Malanga peke yake kutoka mwanzo mpaka mwisho. Wimbo ukiisha, uanze upya, safari hii ufuate gita la rithimu la Omar Shabani, yule waliyemwita Professor. Mara ya tatu mfuate mpiga ngoma. Ya nne, sikiliza vyote pamoja. Nakuhakikishia utasikia wimbo ambao hukuwahi kuusikia, na ni ule ule. Vijana niliowapa zoezi hili wamerudi kuniambia kwamba sasa hawawezi kusikiliza muziki wowote kivivu. Hapo huwa nafurahi mno.

Nilipohamia Kampala kusoma, mambo yalikuwa magumu kidogo. Kwa watu wengi pale Kiswahili kilikuwa lugha ya askari wa vizuizi vya barabarani na ya majambazi. Waganda wa rika la wazazi wangu waliamrishwa kwa Kiswahili huku bunduki zikiwaelekea, miaka ya 1970 na ya 1980, na kidonda hicho nakiheshimu. Lakini mimi kwetu Kiswahili kilikuwa lugha ya mama sokoni na ya mzee akiimba huku ananyoa ndevu. Hosteli walinicheka. "Zima hizo nyimbo za polisi." Nilipunguza sauti, sikuzima.

Kisha akaja mwimbaji wetu wa Uganda, Jose Chameleone. Nyimbo zake za mwanzo alirekodi Nairobi, kwenye studio ya Ogopa Deejays, akarudi nyumbani na nyimbo zilizochanganya Kiswahili na Luganda bila kuomba ruhusa kwa mtu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 hungeweza kupanda taksi ukashuka bila kumsikia. Wale wale walionicheka wakawa wanakuja chumbani kwangu niwaeleze maana ya "Shida za Dunia". Niliwaeleza kwa moyo mmoja, na sitaficha kwamba nilijiona nimeshinda. Baraza la mawaziri lilipopitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Uganda, Julai 2022, niliwaambia wenzangu kazini kwamba Chameleone aliwatangulia kwa miaka ishirini.

Lakini msanii aliyenibadilisha kabisa ni Geoffrey Oryema, na inaniuma kwamba vijana wengi wa Uganda hawamjui. Baba yake, Erinayo Oryema, alikuwa waziri katika serikali ya Idi Amin, akauawa Februari 1977 pamoja na Askofu Mkuu Janani Luwum. Geoffrey alivushwa mpaka kuingia Kenya akiwa amefichwa kwenye buti la gari, kisha akaenda Ufaransa. Sisi tuliokulia mpakani tumeona mabuti mengi yakifunguliwa, kwa hiyo habari hiyo iliniingia pabaya. Mwaka 1990 akatoa albamu yake "Exile" iliyotayarishwa na Mwingereza Brian Eno. Aliimba kwa Kiacholi, aliimba kwa Kiswahili, na alipiga nanga, ala ya nyuzi, na lukeme, ile ya vidole gumba, vyombo alivyokua navyo.

Mara ya kwanza albamu ile ilinipita. Imetulia mno kwa mtu aliyezoea sebene, ile sehemu ya magita yanayochangamka watu wacheze. Nikaendelea nayo, kila usiku kabla ya kulala, kwa muda mrefu. Ilifika mahali nikawa nasikia nafasi kati ya nyuzi, nasikia mtu anayeimbia nchi asiyoweza kuikanyaga. Alirudi Uganda mwaka 2016, baada ya takribani miaka arobaini, na Juni 2018 akafariki Ufaransa. Siku ile nilikaa nje peke yangu, na niliowaambia sababu wengi waliniuliza, "Nani huyo?" Tafadhali, nenda kamsikilize. Ukimaliza mara moja ukaona hakuna kitu, rudia.

Niliwahi kupeleka wazo la kipindi kwenye redio moja hapa mjini. Saa moja kwa wiki, msanii mmoja, albamu nzima na historia yake. Aliyenipokea alicheka, akaniambia hakuna msikilizaji anayetaka kukaa na mtu mmoja saa nzima. Maneno yale hayajanitoka. Leo ninyi mnaniandikia kutoka Arua, Kasese, Bombo, mkitaka kitu kile kile alichosema hakitakiwi. Kwa hiyo usikubali mtu akupimie uvumilivu wako. Wala usiiachie simu ikuchagulie. Inakupa wimbo, inakunyang'anya kabla haujakolea, inakupa mwingine. Chagua mwenyewe, pakua, uhifadhi kwenye memori kadi. Data yenyewe ina kodi ya asilimia 12 tangu Julai 2021, basi wimbo ulioulipia ukae nao.

Na msanii mjueni kwa ukamilifu, msimjue nusu. Kila Desemba nchi nzima inacheza nyimbo za Krismasi za Philly Bongole Lutaaya. Wangapi wamekaa na nyimbo zake nyingine? Mwaka 1989 alisimama mbele ya Waganda akasema ana UKIMWI, wakati ambapo watu walikufa wakificha, akazunguka mashuleni na makanisani, na Desemba hiyo hiyo akafariki. Sikiliza "Alone and Frightened" mwezi Machi, mbali na shamrashamra, kisha ungoje Desemba usikie sauti ile ile ikisherehekea. Kwa Paulo Kafeero, mwimbaji wa Kiganda, vilevile. Kama Luganda yako ni ya sokoni kama yangu, mtafute mzee mmoja wa Kiganda akueleze "Walumbe Zzaya" beti kwa beti. Ni wimbo mrefu kuhusu kifo, na wazee hupenda kuulizwa. Mimi nilielezwa na fundi cherehani wa Katwe, alisimamisha kazi yake yote.

Mwisho, nenda ukawasikie wakipiga mbele yako. Bendi ya Afrigo ya Kampala ipo tangu 1975, na Moses Matovu na saksafoni yake wameshuhudia serikali zikija na kuondoka. Ukisikia wanapiga mahali, fika mapema, kaa upande wa wapulizaji, simu iwe mfukoni. Na lipa mlangoni kama wengine, hata kama unamfahamu bawabu.